Vigogo wa Kijani: Rekodi za Dunia Zinazoshikiliwa na Kuvumwani

Dunia ina spishi zipatazo 12,000 za kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayotanda juu ya mawe, magogo na kuta zenye unyevu. Ndege wote wa Tanzania, kuanzia mbuni hadi chozi, ni spishi kama 1,100 tu. Mimea hii haina maua, haina mbegu, haina mizizi ya kweli, na mingi haifikii urefu wa kidole. Lakini ipeleke kwenye mashindano ya uvumilivu, ya kasi, ya kiu au ya umri, uone nani anabaki uwanjani.

Kuzishuhudia rekodi hizi hakuhitaji mtaji mkubwa. Unahitaji lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 au 20, chupa ndogo ya kupulizia maji, bahasha za karatasi za kuwekea sampuli (kwenye plastiki zitavunda) na magoti yasiyoogopa matope. Simu yenye kamera nzuri inatosha kuanzia.

1. Ndefu kuliko zote: rula mbili za shule

Taji la urefu limekaa kwenye misitu ya mvua ya New Zealand, Australia na New Guinea. Anayelivaa ni Dawsonia superba. Shina lake husimama lenyewe, bila kuegemea kitu, hadi sentimita 50, na zilizonawiri hugusa 60. Simamisha rula ya shule, weka nyingine juu yake: umefika kileleni. Kwa mbali ungeapa ni mche wa mvinje uliopandwa mwezi uliopita.

Imewezaje? Kuvumwani nyingi hunywa maji kupitia ngozi ya majani, kwa hiyo hulazimika kubaki chini, karibu na unyevu. Dawsonia imejijengea mishipa katikati ya shina ya kupandishia maji, na juu ya kila jani imepanga vibamba vyembamba vilivyosimama wima, mfano wa kurasa za kitabu kilichofunguliwa.

Mpinzani wake wa karibu ni ndugu wa ukoo huohuo, Polytrichum commune, ambayo penye maji mengi hupita sentimita 40. Huyu yupo hata kwenye milima ya Afrika Mashariki, na kumtambua ni rahisi: kifuko chake cha spora kina pembe nne kama kasha, na kimevikwa kofia ya nywele za rangi ya dhahabu. Ukikiona kifuko hicho juu ya shina refu jembamba, piga picha ya ubavuni na nyingine ya juu. Pembe nne hizo ndizo ushahidi.

2. Ndogo kuliko zote: punje ya mchicha

Upande wa pili wa ngazi yuko Micromitrium. Mmea mzima, majani na kifuko chake pamoja, una milimita 1 hadi 2. Mbegu ya mchicha ndiyo saizi yake. Huota juu ya tope la bwawa lililopungua maji, humwaga spora baada ya wiki chache, kisha hutoweka.

Kuipiga picha ni mashindano mengine. Kwa ukuzaji wa namna hiyo, sehemu inayotoka kwa ukali katika picha moja ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Wapiga picha hufunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, husogeza fokasi kidogo kidogo, na kupiga picha 30, 50 au zaidi za kitu kilekile. Baadaye programu ya kompyuta huchukua kipande kikali cha kila picha na kuviunganisha. Pumzi yako mwenyewe inatosha kuharibu kazi yote.

3. Kasi: kilomita 58 kwa saa

Sasa tumefika kwenye rekodi ninayoipenda kuliko zote. Sphagnum ni kuvumwani ya maeneo oevu yenye baridi. Iko kwa wingi kaskazini mwa dunia, na kwetu iko kwenye milima mirefu kama Ruwenzori. Spora zake hukomaa ndani ya kifuko cha mviringo, rangi ya kahawia iliyokolea, chenye upana wa milimita 2 hivi. Jua likiwaka kifuko hukauka na kubonyea mbavu, hadi kile kilichokuwa mpira kinakuwa pipa. Hewa iliyonaswa ndani hubanwa kufikia angahewa 2 hadi 5. Tairi la gari dogo liko katikati ya kiwango hicho. Kisha kifuniko hufyatuka. Paa!

Mwaka 2010 watafiti Dwight Whitaker na Joan Edwards walichapisha katika jarida la Science walichokinasa kwa kamera za kasi kubwa. Spora hutoka kwa mita 16 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 58 kwa saa. Daladala mjini imeruhusiwa 50. Na mchapuko wa kuanzia ni mara 36,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Rubani wa ndege ya kivita, akiwa amevaa suti maalumu, huvumilia mara 9 hivi.

Kuna ufundi mwingine ndani ya mlipuko huo. Spora ni nyepesi mno kiasi kwamba, ikirushwa peke yake, hewa ingeisimamisha baada ya milimita chache tu. Mlipuko hutengeneza pete ya hewa inayozunguka, kama pete ya moshi anayoipuliza mvutaji, na pete hiyo huzibeba spora zikapanda zaidi ya sentimita 10, kule upepo unakopita. Hiyo ni mara 50 ya upana wa kifuko. Mtu wa kimo cha mita 1.7 akirushwa kwa uwiano huo angefika mita 85 juu, sehemu nne kati ya tano za jengo la KICC la Nairobi.

4. Meno: binadamu 32, Polytrichum 64

Kifuko cha spora kikidondosha kifuniko, mdomo wake huonekana umezungukwa na meno. Wataalamu wa kuvumwani huyahesabu, kwa sababu ndiyo kitambulisho cha ukoo. Idadi ya kawaida ni 16. Bingwa wa uchache ni Tetraphis pellucida wa misitu ya kaskazini, mwenye meno 4, makubwa, yaliyosimama kama nguzo za kitanda. Polytrichum commune yeye ana 64, mara mbili ya kinywa cha mtu mzima!

Bingwa wa urembo, kwa hukumu yangu, ni Funaria hygrometrica, na huyu yuko duniani kote. Mtafute palipoungua: kwenye eneo la tanuri la mkaa lililoachwa, au shamba lililochomwa msimu uliopita. Utaona zulia la vijiti vyekundu vyekundu, kila kimoja kimeinamisha kifuko chenye umbo la pea. Chomoa kijiti kimoja kikavu, kishike karibu na midomo, ukipulizie pumzi yenye joto. Kijiti kitaanza kujisokota mbele ya macho yako, na kifuko kitageuka nacho. Sasa weka lenzi kwenye mdomo wa kifuko: meno 16 ya nje yamepinda upande mmoja kama pangaboi, ncha zao zimekutana katikati, na nyuma yake kuna safu nyingine ya 16. Hewa ikikauka yanatoa nafasi na spora zinapenya. Unyevu ukija yanabana. Picha ya mdomo huu, iliyopigwa moja kwa moja kutoka juu, ndiyo ambayo kila mpiga picha wa kuvumwani huitafuta mapema.

5. Kiu: kilo moja, ndoo nzima

Sphagnum anarudi uwanjani. Kilo moja ikiwa kavu hunywa maji hadi lita 20, ujazo wa ile ndoo kubwa tunayochotea maji bombani. Siri iko ndani ya jani: seli nyingi zimekufa, ziko tupu, na zina matundu. Ukilitazama jani lake kwa hadubini utaona wavu wa vyumba vitupu vilivyobanwa na mistari ya seli hai za kijani.

Pamba ya hospitali haifui dafu hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pamba ikiwa imepungua kwa sababu ilihitajika pia katika kutengeneza baruti, daktari wa upasuaji wa Edinburgh, Charles Cathcart, alishikilia kwamba Sphagnum ifunge majeraha. Ilikuwa inanyonya zaidi, na asidi yake ilizuia bakteria. Kufikia 1918 Uingereza ilikuwa ikitoa takriban bandeji milioni 1 za kuvumwani kila mwezi.

Hiyo ni kiu ya mmoja mmoja. Kwa timu nzima, twende Tanzania. Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro, alipima kuvumwani na mimea mingine inayokaa juu ya miti kwenye msitu mfupi wa ukungu wa milima ya Uluguru, juu ya mita 2,000. Matokeo aliyoyachapisha 1980 yanasomwa mpaka leo: karibu tani 14 za mimea hiyo, uzito wa ukavu, katika hekta moja, ambayo ni kama uwanja mmoja na nusu wa mpira. Mvua moja ikinyesha, hekta hiyo hushika zaidi ya lita 30,000 kabla tone halijagusa ardhi. Yaani maboza matatu ya lita 10,000, yameegeshwa juu ya matawi! Baadaye maji hayo huachiwa taratibu. Mto Ruvu unaanzia milima hiyo, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya 2022.

Ukiwa kwenye misitu ya namna hii, jihadhari na mshiriki bandia. Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya Erica huko Kilimanjaro na Ruwenzori, ambazo kila mgeni huzipiga picha, nyingi ni Usnea. Hiyo ni laikeni, kiumbe cha kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Vuta uzi mmoja polepole: ngozi ikikatika na ndani ukabaki mkia mweupe unaovutika kama mpira, hiyo ni Usnea. Ukiona vijani vidogo vimepangwa kwenye uzi, umepata kuvumwani ya kweli.

6. Usingizi mrefu: miaka 1,500

Kwenye kisiwa cha Signy, Antaktika, wanasayansi walichimba mhimili wa kuvumwani iliyoganda, wakaukata vipande, wakaviweka kwenye mwanga na joto la kawaida la maabara. Katika wiki chache vichipukizi vya Chorisodontium aciphyllum vilianza kutokeza kutoka kwenye kipande cha chini chenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Utafiti ulitoka 2014. Kuvumwani hiyo ilipoganda, mji wa Kilwa ulikuwa bado haujaanza. Ilipoamka, Kilwa ilikuwa imekua, imetawala biashara ya dhahabu, na imekuwa magofu.

Nafasi ya pili ni ya kuvumwani za kisiwa cha Ellesmere, Kanada, zilizofukiwa na barafu ya Teardrop yapata miaka 400 iliyopita, enzi Wareno walipokuwa wakijenga Fort Jesus. Barafu iliporudi nyuma, baadhi zilikutwa zikitoa machipukizi mapya pale pale. Nyingine zikaoteshwa maabara. Matokeo hayo yalitangazwa 2013.

7. Ukoo mkongwe: miaka milioni 390

Takakia ni jina la kundi dogo linaloishi Himalaya, Japani na pwani ya kaskazini ya Pasifiki. Utafiti uliochapishwa 2023 uliukadiria ukoo huu kuwa na miaka milioni 390. Madinosaria wa Tendaguru, wale wa Lindi ambao mmoja wao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Takakia aliwapokea, akawazika. Milima ya Himalaya ilipoanza kuinuka, yeye alipandishwa nayo; sasa anaishi zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, chini ya theluji kwa miezi mingi.

Na aliwasumbua wataalamu. Majani yake yamegawanyika kama vidole, na kwa miongo kadhaa hakuna aliyekuwa ameona kifuko chake cha spora, kwa hiyo wengi walimweka kwenye kundi jingine kabisa. Vifuko vilipopatikana na kuelezwa 1993, ubishi ulikwisha: ni kuvumwani.

8. Ukakamavu: jangwa, friji na anga za juu

Syntrichia caninervis wa majangwa ya China na Marekani anaweza kupoteza asilimia 98 ya maji yake, akawa mweusi na mkavu kama majani ya chai, na akipata tone moja akarudi kijani ndani ya sekunde. Watafiti wa China walioripoti 2024 walimweka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri kwa miaka 5, kisha wakamwotesha. Wakamtumbukiza kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri kwa siku 30, akaota tena.

Mpinzani wake amekwenda mbali zaidi, kilomita 400 kwenda juu. Spora za Physcomitrium patens ziliwekwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, bila hewa, zikipigwa na mionzi ya jua isiyochujwa, kwa siku 283. Ni muda wa mimba ya binadamu. Ziliporudishwa duniani 2023, zaidi ya asilimia 80 zilikuwa hai!

Kuamka kwa Syntrichia ni tukio la kurekodi kwa video, si kwa picha mnato, na huna haja ya kwenda jangwani. Chagua kuvumwani iliyojikunja kwa kiu kwenye ukuta wa mawe wakati wa kiangazi, weka simu karibu, anza kurekodi, dondosha maji. Majani yatafunguka moja baada ya jingine yakitokea kwenye shina kwenda nje.

9. Mwendo: sentimita 2.5 kwa siku

Kuvumwani inayotembea ipo. Juu ya barafu za Alaska na Iceland kuna mipira ya kijani ya ukubwa wa viazi, imeota pande zote, haijashikana na chochote. Waaislandi waliipa jina la panya wa barafu. Watafiti waliivalisha mipira 30 ya Alaska shanga za utambulisho, na ripoti yao ya 2020 ikaonyesha kwamba ilisogea wastani wa sentimita 2.5 kwa siku, kundi zima kuelekea upande mmoja, kisha kundi likabadili mwelekeo pamoja. Mteremko haukueleza, upepo haukueleza, jua halikueleza. Kwa mwendo huo, kupita urefu wa basi la Coaster la mita 7 kungechukua siku 280.

Mipira ya kuvumwani isiyo na mizizi iko pia kwenye Mlima Kenya na Kilimanjaro. Huko kinachoigeuza ni sindano za barafu zinazochomoza ardhini kila usiku na kuyeyuka asubuhi.

10. Medali mbili za haraka

Mng'ao: Schistostega pennata. Huishi mapangoni, na seli zake zenye umbo la lenzi hukusanya mwanga hafifu na kuurudisha kama dhahabu ya kijani. Pango la Makkausu, Hokkaido, limewekwa chini ya ulinzi kwa ajili yake. Mpiga picha husimama mwanga unakoingilia. Akisogea hatua chache pembeni, dhahabu inazima.

Harufu: Splachnum. Huota juu ya samadi ya wanyama, hutoa harufu ya kuoza, na huwaita nzi wabebe spora zake hadi kwenye samadi mpya. Splachnum luteum huongeza mwavuli wa njano, mkubwa kuliko kifuko chenyewe.

11. Kuenea: mabara yote saba

Simba ana mabara mawili. Bryum argenteum ana yote saba, Antaktika ikiwemo, na huenda umeikanyaga leo. Inapenda nyufa za lami, viungo vya matofali ya njia za miguu, vigae vya paa, kingo za mitaro. Nairobi iko, London iko, Tokyo iko.

Itambue hivi. Tafuta vijiti vya milimita chache vilivyosongamana, vyenye rangi ya fedha hata kwenye kivuli. Weka lenzi: kila kijiti ni cha mviringo na laini kama kamba iliyosukwa, majani yamelaliana kama vigae, na nusu ya juu ya kila jani haina ukijani kabisa. Hiyo nusu tupu ndiyo fedha yenyewe, kinga dhidi ya jua kali la mjini. Piga picha asubuhi au siku ya mawingu, na upunguze mwanga wa kamera kidogo, maana fedha hiyo huungua kirahisi ikatoka nyeupe tupu. Piga ya kwanza ikiwa kavu, pulizia maji, subiri ukijani upande, piga ya pili. Ongeza ya tatu yenye sarafu ya shilingi pembeni, ili anayeitazama ajue ni vijiti vingapi vya bingwa huyu vinaenea juu ya sarafu moja.